MAMBO YA NYUMBANI: Jiko la Umeme Likataalo Kupika Jioni

Mwezi uliopita tulieleza namna ya kuhifadhi unga usiingiwe na wadudu. Mwezi huu maswali yaliyotufikia ni mengi na karibu yote ni ya namna moja, hata imetupasa kuyaweka mengine kando. Watu wa Mbagala, Chamazi, Bunju na Tegeta wauliza habari za jiko la induksheni: mbona asubuhi lapika vizuri, na jioni lalia, laonyesha herufi na tarakimu kwenye kioo chake, kisha lazimika? Je, ni jiko bovu, au ni umeme?

Nitajibu kwa kusimulia kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu, maana ndani yake yamo karibu yote yaliyoulizwa.

Huko Chamazi, wilaya ya Temeke, yuko mama mmoja mwalimu wa shule, jirani yangu wa siku nyingi. Alipopata zamu yake ya upatu alikwenda Kariakoo akanunua jiko la induksheni la wati 2,000, akaacha mkaa. Majuma matatu alipika kwa furaha. Baadaye jiko likaanza kukataa, wala si wakati wote, ila tangu saa 12 jioni hata saa 4 usiku, ndiyo saa watoto wanangoja chakula. Akalipeleka kwa fundi wa redio na televisheni. Fundi akalifungua, akasema kadi ya ndani imeungua, yataka shilingi 60,000. Mama akarudi nyumbani amenyamaza, akaagiza gunia la mkaa.

Alikuja kwangu kuniuliza kama fedha hiyo ni halali. Nikamwuliza, “Mama, asubuhi ya leo ulipika nini?”

“Nalipika uji, Mwalimu, na maharage nikayachemsha.”

“Kwa jiko lile lile?”

“Lile lile.”

Nikamwambia asimlipe mtu kwanza. Kadi iliyoungua haiponi asubuhi na kuugua tena jioni.

Hapa yafaa nieleze kidogo jiko hili hufanyaje kazi, maana asiyejua hili hawezi kutafuta kosa. Jiko la koili la zamani ni waya mnene tu unaopashwa moto. Umeme ukiwa dhaifu, lenyewe huvumilia. Hupika pole pole, wala halisemi neno. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hata 180, nguvu ya koili hushuka ikawa kama asilimia 61 tu ya kawaida yake, na mpishi hudhani maharage ya safari hii ni magumu. Jiko la induksheni si hivyo. Chini ya kioo chake mna koili ya shaba, na kadi ya umeme inayoupeleka na kuurudisha umeme katika koili ile mara zaidi ya 20,000 kwa nukta moja. Sumaku itokayo humo hupita kioo na kuamsha umeme mwingine katika kitako cha sufuria, hata sufuria yenyewe ikapata moto. Kadi hiyo ina mlinzi wake. Mlinzi hupima volti wakati wote, na akiziona zimepungua mno au zimezidi mno, huzima. Herufi na tarakimu mzionazo ndiyo sauti yake. Kila mtengenezaji ana hesabu zake, kwa hiyo kitabu kidogo kilichokuja na jiko msikitupe wala msikifungie karanga.

Mlinzi huyu hakosi akikataa. Jiko likijitahidi kupika kwa wati 2,000, katika volti 230 huvuta ampea karibu 8.7, volti zikiwa 180 lingehitaji ampea zaidi ya 11 kwa kazi ile ile. Ampea zikizidi, waya hupata moto zaidi.

Sasa turudi Chamazi. Nalikwenda kwa yule mama saa 1 jioni, pamoja na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ambaye alikuwa na mita ya volti. Fundi akapima kwenye soketi ya jikoni, jiko likiwa limezimwa. Ikasoma 204. Si nyingi, lakini jiko lingeweza kuzivumilia. Mama akasema, “Hata yule wa kwanza alipima akaona umeme upo.” Hapo ndipo wengi wanapopotea. Umeme usiofanya kazi huonekana mzima, kama mgonjwa aliyeketi. Mwambie asimame ndipo utaona. Fundi akaweka sufuria, akawasha jiko, akapima tena kwenye tundu la pili la soketi ile ile wakati jiko linavuta. Tarakimu zikashuka mbele yetu: 195, 184, 173, jiko likalia, likazima, na mara ile ile mita ikapanda tena 204. Kwa hiyo kila apimaye baada ya jiko kuzimika atasema umeme ni mzuri, na kulaumu jiko.

Kisha fundi akaenda kwenye swichi kuu, akaniambia niwashe jiko tena. Pale kwenye swichi kuu zilisoma 199 wakati jikoni zilisoma 173. Tazameni hesabu hii. Toka nguzoni mpaka swichi kuu zilipotea volti 5 tu. Toka swichi kuu mpaka jikoni zilipotea 26. Volti zinazopotea njiani hazipotei bure; hugeuka kuwa moto. Volti 26 kwa ampea nane na zaidi ni wati zaidi ya 200, zikichoma mahali fulani ndani ya nyumba ya watu, mahali pasipoonekana.

Mtoto mdogo wa nyumba ile, asiyezidi miaka mitano, akasema, “Ukuta una homa.” Twalidhani ni maneno ya kitoto. Akatupeleka nyuma ya mlango wa jikoni akaweka kiganja chake ukutani, karibu na soketi. Nami nikaweka changu. Ulikuwa moto.

Fundi akazima swichi kuu kabla ya kufanya neno lolote jingine. Alipofungua soketi aliona vyuma vya ndani vimekuwa vya kahawia, na skrubu moja imelegea hata ikazunguka kwa kidole. Akapanda darini. Jiko lile lilikuwa katika kibanda cha nyuma, umbali wa meta 40 kwa njia ya waya, na aliyefunga waya hapo awali alitumia waya wa taa, wa milimita 1.5 za mraba. Tena ulimpungukia njiani, akaunga kipande kingine kwa kusokota na kuzungushia utepe. Utepe ule ulikuwa umeyeyuka. Ubao wa paa uliokuwa juu yake ulikuwa mweusi, na fundi alipoukwangua kwa bisibisi, ulitoka mkaa.

Mama akauona ubao ule, akaketi chini. Usiku wote wa majuma yale watoto wake walilala chini ya dari ile.

Wasomaji, nimekaa sana katika habari hii kwa sababu ndilo kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote katika mitaa yetu ya pembeni. Kiungo kimoja kilicholegea chaweza kupoteza volti 8 au 9 tu, ambazo hakuna ajuaye. Lakini kwa ampea 8.7 hutoa moto wa wati 75. Kumbukeni taa ile ya zamani ya wati 75, jinsi ilivyochoma vidole. Moto huo wote uwekeni katika mahali padogo kama punje ya harage, ndani ya ukuta, saa mbili kila jioni.

Basi kama jiko lenu lakataa, fuateni njia kutoka sufuria kurudi nguzoni, msiruke.

Kwanza sufuria. Hili si kosa la umeme, lakini limewapeleka wengi kwa mafundi bure. Sufuria zetu za alumini, zile nyepesi, hazipiki juu ya jiko hili. Jiko hulia na kuzimika kama lilivyofanya kwa umeme mdogo. Chukueni sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Ikishika kwenye kitako cha sufuria, sufuria yafaa.

Pili ni LUKU. Angalieni kama uniti zimo. Jiko la wati 2,000 likiwa kamili hula uniti 2 kwa saa, na aliyezoea kununua uniti za taa tu hushangaa.

Tatu plagi na soketi. Majiko mengi yaja na plagi ya miguu miwili, na watu hulazimisha kwa kutia kijiti cha kiberiti katika tundu la juu, au huweka adapta ya bei rahisi. Zote mbili hazishiki imara, tena huliacha jiko bila waya wa ardhi. Plagi iwe ya miguu mitatu, na fyuzi yake ya ampea 13 iwe fyuzi kweli, isiwe kipande cha waya wala msumari. Ampea 13 ni kama wati 3,000 tu. Kwa hiyo majiko yenye macho mawili, ya wati 3,500, hayapaswi kuchomekwa katika soketi ya kawaida hata kidogo. Yataka waya wake peke yake kutoka swichi kuu, na sakiti breka yake. Nayo ekstensheni, ile ya kuchajia simu, haina kazi katika habari hii. Baada ya kupika nusu saa, zimeni jiko, chomoeni plagi, shikeni vidole vya plastiki vyake. Uvuguvugu si neno. Ikiwa ni moto wa kukufanya uondoe mkono, mwiteni fundi siku ile ile.

Nne pelekeni jiko kwa jirani mwenye umeme mzuri, saa ile ile linapokataa kwenu. Likipika kwake, jiko ni zima. Likikataa huko pia, hapo ndipo mwende kwa fundi wa majiko. Jambo hili halina gharama, nami nashangaa jinsi linavyosahauliwa.

Tano ni kupima kama tulivyopima Chamazi: kwenye soketi na kwenye swichi kuu, jiko likiwa linavuta. Hii ni kazi ya fundi. Volti zikipotea kati ya swichi kuu na jiko, kosa ni la nyumba, na mwenye nyumba ndiye alipaye. Zikiwa zimekwisha kupungua pale pale kwenye swichi kuu, kosa liko mbele zaidi: mitani, kwenye waya uingiao, nguzoni au kwenye transfoma, na huko ni mali ya shirika la umeme, mtu mwingine haruhusiwi kugusa. Najua wako vijana wanaoitwa vishoka, ambao hupanda nguzo kwa malipo kidogo. Waya ule wa nje una umeme wote wa mtaa, wala hakuna swichi ndani ya nyumba iwezayo kuuzima. Msimpandishe mtoto wa mtu huko kwa ajili ya chakula cha jioni.

Sakiti breka inayoanguka ina habari zake. Ikianguka mara tu jiko linapochomekwa, kuna mgongano wa nyaya katika jiko au plagi. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi au mahali fulani pamepata moto. Msiirudishe mara tatu na nne kwa ushindani. Wala msikubali fundi anayetoa breka ndogo na kuweka kubwa ili isianguke. Breka huchaguliwa kwa kuutazama waya, si kwa kulitazama jiko.

Mwalimu mmoja wa Bunju ameuliza: “Nimechomeka testa, taa yake imewaka, mbona jiko linasema umeme ni mdogo?” Testa huonyesha kwamba umeme upo, haionyeshi nguvu yake. Yaweza kuwaka kwa volti 230 na kwa 150 pia. Taa zetu za siku hizi za LED nazo hudanganya, maana nyingi zimeundwa ziwake sawa hata volti zikishuka sana. Wazee wetu waliona umeme mdogo kwa taa kuwa nyekundu, sisi hatuoni. Tazameni pangaboi: likizunguka kivivu jioni na upesi alfajiri, mmekwisha kupata jibu bila mita.

Iko hatari moja ambayo sharti kila mtu wa nyumbani aijue, hata watoto wakubwa. Umeme huingia kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Katika nguzo nyingi ziko nyaya tatu za moto, nazo zashirikiana nyutro moja. Nyutro hiyo ikilegea au kukatika nje, volti hugawanyika ovyo: nyumba moja yapata 150, na ya jirani yapata 300 au zaidi, hata kukaribia 400. Dalili yake ni taa kung'aa kupita desturi, kisha kufifia, kisha kung'aa tena kila jirani anapowasha au kuzima kitu chake. Mkiona hivyo msingoje wala msitafute jiko lina nini. Zimeni swichi kuu, wajulisheni majirani wafanye vivyo hivyo, ndipo mpige simu ya dharura ya shirika. Karibu na bahari viungo vya nguzoni huliwa na chumvi ya hewa, kwa hiyo jambo hili si la nadra kwetu.

Wengine wataniuliza, yawezekanaje umeme uwe dhaifu siku hizi, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limekamilika? Swali ni jema. Bwawa lile lina mashine 9, kila moja ya megawati 235, jumla 2,115. Ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024 na zote zilikamilika 2025. Lakini umeme mwingi Rufiji si umeme mwingi jikoni. Ni kama tangi kubwa lililojaa, na bomba la mtaani ni jembamba: nyumba ya kwanza yapata, nyumba ya mwisho yapata matone, hasa jioni wote wanapofungua. Umeme ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1908, zamani za Wadachi, ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji tu. Siku hizi mji umefika Chamazi na Mabwepande, na mara nyingi nyumba hutangulia, transfoma hufuata. Transfoma iliyowekwa kwa nyumba 40 zenye taa na televisheni haikutazamia majiko ya wati 2,000. Nayo majiko yataongezeka, kwa maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wenye kupanga mambo hayo na wazihesabu transfoma za mitaani pamoja na mashine za bwawa.

Stabilaiza je, yasaidia? Yasaidia ikiwa ni ya kutosha. Ile ndogo ya televisheni, ya VA 1,000, itaungua. Jiko la wati 2,000 lataka stabilaiza ya VA 3,000 na kuendelea, ambayo bei yake yaweza kulipita jiko lenyewe. Tena stabilaiza ikiinua volti, huvuta ampea nyingi zaidi kwenye waya uliotangulia. Kama kiungo ni kibovu, utakuwa umekiongezea moto. Nami kwa maoni yangu, fedha ile yafaa zaidi kununua waya. Friji gadi nayo ni nzuri kwa kulinda chombo umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, ila someni ampea zilizoandikwa; nyingine ni za friji tu, wala haziwezi jiko. Asiyekuwa nayo achomoe plagi umeme ukikatika, na akingoja dakika tano umeme utakaporudi, hatajuta.

Yule mama hakulipa zile 60,000. Kwa fedha ile, na nyongeza kidogo aliyokopeshwa na shule, alinunua waya mpya wa milimita 4 za mraba, mzima bila kiungo, na soketi nzuri; fundi akabadilisha ubao ulioungua. Jioni ile walipowasha, kwenye swichi kuu zilisoma 199 kama kwanza, maana umeme wa mtaa haukubadilika. Lakini jikoni zilisoma 196 badala ya 173, na jiko likapika wali hata ukaiva.

Jambo la mtaa lingali lipo. Twaliketi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukakubaliana nyumba sita zipime volti kwenye swichi kuu kwa siku saba, saa 12 alfajiri, saa 7 mchana na saa 2 usiku, tena tuandike nyumba ipi iko upande gani wa barabara. Karatasi ile yatuonyesha kwamba nyumba za upande mmoja zapata 204, na za upande wa pili 221 saa ile ile, yaani labda nyumba nyingi zimefungwa katika waya mmoja wa moto kati ya ile mitatu. Kosa la namna hiyo laweza kupunguzwa hata kabla ya kuleta transfoma mpya, kwa kuzigawanya nyumba upya. Barua imekwisha kupelekwa pamoja na karatasi yenyewe, na nakala yake iko kwa mwenyekiti. Tukipata jibu tutaliandika hapa.

Gunia la mkaa lingali limeegemea ukuta wa nyuma, halijafunguliwa. Mama amesema analiweka kwa siku umeme utakapokatika.